Njia ya Tatu

Ulianza kwa kusema masikio yangu yamechoka.
"Sikio la kufa halisikii dawa," ulinitania,
nami nikacheka kwa kukisia,
maana sikukusikia.

Nikaenda kupimwa. Nikanunua
vifaa viwili vya rangi ya ngozi
kwa akiba ya kubadilishia madirisha.
Nikasikia friji ikinguruma,
theluji ikiporomoka kutoka paani,
paka wa jirani akijilamba ngazini.
Wewe sikukusikia.

Wewe, Bogumił, miaka thelathini na mmoja
mdomo wa stesheni ya Olsztyn,
uliyewaambia watu wa Ostróda na Iława
wapi pa kusimama na mizigo yao;
ukisema "jitengeni na ukingo"
hata njiwa walijitenga.

Kinga, yule binti wa matamshi
mwenye viatu vya mpira vya kijani,
hakuuliza habari za mkono unaotetema.
Aliweka kinasa sauti mezani,
akakusomesha utabiri wa hali ya hewa,
kisha akakurudishia sauti yako.
Ukageuka mlangoni.
"Nani huyo ananong'ona?"

Hakuna aliyejibu.
Kidole chako kikapanda hadi sikioni pangu,
kikagusa kile kifaa na kuondoka upesi,
kama anayejaribu pasi.

Basi tukaanza, siku nne kwa wiki.
"Aaaa" mpaka pumzi ikatike,
"Aaaa," na mshale wa kipimo unapanda
sitini, sitini na nne, unaanguka.
Ulisema ndani ya kichwa ni makelele,
unaona haya kama mlevi kanisani.
"Hiyo ndiyo sauti ya kawaida," Kinga akasema.
"Mizani ya kichwa chako inakupunja. Zidisha."

Nyumbani, majirani walitugongea ukuta.
Nikawapelekea keki ya tangawizi, nikaeleza.
Kesho yake wakagonga tena.
Pengine keki ilikuwa tamu.

Akakuomba sentensi kumi
unazozihitaji kila siku.
Wengine huandika: Nipe maji. Nina baridi. Funga mlango.
Wewe uliandika moja tu,
kwa herufi ndogo kama sisimizi,
ukamsogezea karatasi.
Akaisoma. Akarudi kinyumenyume hadi dirishani,
umbali wa abiria na treni yake.
"Sema."

Ukavuta pumzi ya mtu anayebonyeza kitufe.

"TRENI YA TORUŃ,
KUPITIA OSTRÓDA, IŁAWA NA JABŁONOWO,
INAINGIA NJIA YA TATU."

Korido nzima ikanyamaza.
Mzee mmoja mwenye magongo
akatazama saa yake.

Haikai yenyewe; Kinga hakutuficha.
Inataka kuchochewa kila siku, kama jiko la makaa,
na jana hatukuchochea.
Leo asubuhi umekaa na kikombe chako,
midomo inakwenda, chai inapoa,
sijui unaomba sukari au unasamehe.

Nimevivua vile vifaa,
nimevilaza kwenye kisahani.
Nimesimama huku, mwisho wa jiko.
Bogumił, niko ukingoni, nina mzigo.
Niambie nisimame wapi.