Foleni ya Mfereji, Jadida

Saa kumi na nusu za alfajiri, maji bado,
lakini foleni ishapangwa tangu jana usiku.
Watu wenyewe wamelala.
Waliosimama hapa ni dumu la njano lisilo kifuniko,
beseni lenye ufa,
ndoo ya rangi iliyoandikwa RIZIKI kwa makaa,
ndara moja, ya mguu wa kushoto,
na jiwe.
Jiwe ni Bi Time Faki.
Halisogezwi.

Mimi nimerudi Wete likizo, kutoka Tunguu,
na daftari la kurasa mia mbili. Nne ndizo zenye wino.
Somo la kwanza: Sosholojia ni nini?
Mwalimu alisema, kitazame ulichokizoea
kama mtu aliyeshuka jana bandarini
na hana wa kumpokea.
Basi nimekaa juu ya ndoo yangu, natazama.

Wapo, alisema, wanaoiona jamii kama mwili:
ini lina kazi yake, goti lina kazi yake,
na kila desturi imeshikilia kitu kisianguke.
Nikaandika: foleni inazuia ngumi.
Nikaandika: mwenye maiti nyumbani hupita mbele, haulizwi;
mja mzito hupishwa;
mtoto wa skuli hujaza moja, akenda zake.
Hapana askari, hapana karatasi.
Hata umbea wa hapa una mshahara wake:
jua halijapanda, Jadida nzima ishajua
nani kajifungua, na nani tangu Ijumaa hajalala kwake.
Nikapiga mstari chini yake, kwa rula.
Mwili mzima, na wenye afya.

Halafu mota ya Ngwali ikalia.
Nyuma ya ukuta, ile mota inayolinyonya bomba
kabla bomba halijatukumbuka.
Tangi lake jeusi, lita elfu tano, juu ya zege,
likaanza kugugumia kama mtu anayekunywa gizani.
Mfereji wetu ukakohoa. Ukatoa hewa.

Wapo wengine, alisema mwalimu,
ambao wakiona utulivu huuliza kwanza:
nani anafaidi?
Nikaandika: kwa Ngwali, ndoo shilingi mia mbili.
Nikaandika: tuliopanga hapa sote ni wanawake,
na watoto wa kike.
Wanaume wataoga.
Sentensi ile niliitazama muda mrefu kuliko zote.
Kumbe tunazilinda zamu kwa uadilifu mkubwa,
zamu za kugawana masalio.
Rula sikuigusa.

Sasa lile jiwe.
Alikuja mgeni, mke wa daktari mpya wa mifugo,
ndoo yake ikayumba, akatafuta cha kuikingia,
akalichukua jiwe.
Kwake jiwe ni jiwe.
Mazungumzo yakakatika kama uzi.
Bi Time alipofika hakugomba.
Alitusalimia, mmoja mmoja, jina kwa jina,
kaumwaje mtoto, mama wa Limbani hajambo,
mpaka akamfikia mgeni,
akamruka.
Ni hivyo tu.
Mgeni akatutazama nyuso, akatazama chini,
akalitoa jiwe, akalirudisha pale pale
kwa mikono miwili,
kama anayemrudishia mtu mwanawe.
"Hujambo, mwanangu," akasema Bi Time.

Ndipo nikauelewa ukurasa wa nne,
ule nilioukariri bila kuuelewa:
maana haimo ndani ya jiwe.
Imo baina yetu, na kila alfajiri
tunaifinyanga tena kwa mikono ya usingizi.

Nilikuwa bado naandika. Sijui niliandika kwa muda gani.
"Na wewe," Bi Time akaniuliza, "waandika nini?"
"Naiandika foleni."
"Umo?"
Nikainua uso.
Dumu la njano limeshakwenda, beseni limeshakwenda,
Riziki anafika kwao, maji yanamwagika kisogoni,
na zamu yangu imepita mbele ya macho yangu wazi.
Mfereji ulikuwa umebaki na uzi mwembamba.

Kulikuwa na nguo za wiki nzima nyumbani, na sabuni sijanunua.
Nikaenda nyuma kabisa, nyuma ya ndara ya kushoto
ambayo mwenyewe hata leo simjui,
nikaliweka daftari chini, juu ya tope,
linishikie nafasi.