Lalamiko la Meza ya Saba

Walinitoa utumbo mpana mwezi wa Januari,
theluji ikiidondokea Maribor
kama unga uliomwagwa na mtu asiyejali.
Walichobakiza kinachungulia ubavuni,
chekundu, kinyevu, hakina adabu.
Nimekiita Farasi,
maana haendi moja kwa moja,
na hupenda kuruka palipo na watu.

Muuguzi Tadeja alinifunza kwa kunong'ona,
kana kwamba Farasi amelala:
usinywe kwa mrija, usitafune jojo,
usiongee ukiwa unakula
(nami nimeishi na Bogomir miaka thelathini na tisa,
na ni mezani tu ndipo anaponisikiliza),
tafuna mpaka chakula kisahau jina lake,
kisha inuka utembee.
Maharagwe, hapana. Vitunguu, utaona mwenyewe.
Kabichi chachu...
hapo akanyamaza.
Yeye pia ni mtu wa huku.
Alijua ananiomba nini.

Zamani nilikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na bawabu.
Kulikuwa na jamba, kulikuwa na shuzi,
mtu ukachagua la kelele au la kimya,
ukalibeba kwa heshima hadi kwenye ngazi.
Sasa bawabu kafutwa kazi.
Riahi inatoka itakapo,
mfuko unaumuka chini ya sweta
kama andazi kwenye mafuta.
Ati mapenzi na kikohozi havifichiki.
Waliosema hivyo walikuwa na matumbo kamili.

Bogomir akanunua daftari.
Jumanne: njegere, mara kumi na moja.
Jumatano: wali na karoti, mara nne, moja ndefu.
Alhamisi hakuandika kitu. Alhamisi nililia.

Machi nikarudi kazini.
Mimi ni mwamuzi wa sataranji;
bidhaa yangu ni ukimya.
Watoto sitini, mbao thelathini,
nami napita katikati yao kwa viatu vya mpira,
nimekunywa chai ya kisibiti,
sikula asubuhi, nikidhani nimemuwahi.
Kumbe tumbo tupu ndilo lenye maneno mengi.

Kwenye meza ya saba, Farasi akasema.
Halikuwa neno. Ilikuwa sentensi nzima,
na mkato katikati.

Mvulana akainua mkono.
Jernej, miaka tisa, jino la mbele hana.
"Mwamuzi, kuna mtu anapiga kelele.
Nilikuwa nafikiri."
Sheria naijua kwa moyo:
aliyesumbuliwa alalamike kwa mwamuzi,
mwamuzi achunguze, mwamuzi aamue.
Mpinzani wake, kasichana kutoka Ptuj,
masikio yamemwiva,
anadhani atashtakiwa yeye.

Nikasimamisha saa.
Ningeweza kukisingizia kiti.
Nikainama.
"Ni mimi. Nina mfuko tumboni, haunisikii."
Jernej akaitazama sweta yangu,
akautazama ubao.
"Utafanya tena?"
"Sijui."
"Basi niongeze dakika mbili."
Nikamwongeza dakika mbili. Ni haki yake.
Alizitumia ovyo, akampoteza malkia.

Jioni Bogomir kajipikia kabichi, madirisha wazi,
akala amenipa mgongo, kwa huruma.
Nikaiba uma mmoja.
Uma mmoja tu,
nikautafuna taarifa ya habari nzima,
kuanzia bungeni hadi hali ya hewa.

Saa tisa usiku mfuko umejaa kama mto wa kulalia.
Naketi chooni, vigae vina baridi,
naufungua mdomo wake kidogo,
Farasi anapumua, anapumua,
anamaliza.

Nasubiri mkono uinuke.