Upande wa Ndelamio

Ukuta huu si wa baba.
Baba alijenga kwa tofali za kuchoma, hapa Pasua,
kila tofali akiligonga kwanza kwa ukucha,
akisikiliza.
Huu wa jipsamu ulikuja tulipokwisha kuanua matanga,
siku moja tu, mafundi wawili na msumeno,
sebule ikawa mbili:
dirisha kwangu, mlango wa mbele kwake.
Ndelamio akatia kufuli la shaba, akarudi Arusha
na ufunguo.

Sasa nina saa.
Saa ya ukutani ya baba, kilo nne na ushee,
aliyopewa na chama cha kahawa siku ya kustaafu.
Imelala kwenye kitanda cha wageni miaka mitatu,
ikitazama dari.

Nilijaribu msumari. Uliingia
kama kidole kwenye uji,
ukatoka na unga mweupe.
Nikajaribu fisha ya plastiki, ile ya kijivu:
ikazunguka, ikazunguka, ikanitazama.

"Huku nyuma hakuna kitu, dada,"
akasema Haikaeli, fundi,
binti wa muuza mbao wa Kiboriloni, penseli sikioni.
Akagonga kwa kifundo cha kidole: bo, bo, bo.
"Uwazi mtupu. Tungefika upande ule
ningetia nati na washa, dakika tano.
Ufunguo uko wapi?"
Nikamuuliza kama anakunywa chai ya tangawizi.

Akarudi kutoka Mbuyuni na kitu ndani ya gazeti:
skrubu ndefu, na nchani pake
mabawa mawili ya chuma, springi katikati.
Ukiyabana yanalala, kama ya kumbikumbi aliyelowa.
Ukiyaachia, pa!
"Hii inashika mahali ambapo mkono haufiki."
Elfu mbili na mia tano moja. Nilinung'unika.

Akatoboa. Vumbi likashuka kwenye kanga yangu.
Tundu kubwa kuliko nilivyotaka,
jeusi, lenye hewa iliyolala.
Nadhani nilinusa koti la baba,
lile alilochukua Ndelamio,
au nilitaka tu.

Akayabana mabawa kwa vidole viwili, akayasukuma.
Tukayasikia yakifunguka gizani.
Kisha akanipa bisibisi.
"Kaza mwenyewe. Ila uvute kwako huku unakaza.
Usipovuta, itazunguka huko nyuma mpaka jioni
na wewe utadhani unafanya kazi."

Sikuvuta vya kutosha.
Kisha nikazungusha kinyume, mtu wa haraka mimi,
skrubu ikatoka tupu mkononi,
na ndani ya ukuta kitu kikaanguka,
ti, ti,
ti,
kikigonga ubao hadi chini.
"Hayo huyapati tena," Haikaeli akasema, bila lawama,
akafunua gazeti kutoa ya pili.

Hata mlima. Sisi wa Moshi tunaujua uso,
mgongo wanao wengine,
na hakuna aliyetia kufuli.

Safari hii nilivuta.
Nilivuta mpaka bega likauma,
nikikaza, nikivuta,
mpaka huko nisikokuona kitu kikakumbatia ubao
na bisibisi ikagoma.

Saa inaning'inia. Inachelewa dakika saba,
kama alivyoizoea mwenyewe.
Usiku mlio wake unapenya jipsamu, najua,
unaingia chumba kisicho na mtu,
unazungukia viti vilivyofunikwa shuka.
Sijampigia Ndelamio kumweleza.

Ila siku atakapokuja na ufunguo wake,
au siku ukuta huu utakapovunjwa, na yeyote kati yetu,
pale chini kabisa, kwenye vumbi,
ataokota mabawa mawili ya chuma, yamefunguka,
atayageuza kwenye kiganja,
asijue ni ya mdudu gani.