Nyasi za Viatu

Jua lilituaga mwishoni mwa Novemba.
Tangu hapo mchana wetu ni rangi tu,
samawati ya maziwa yaliyochujwa mara mbili.
Niko uani, taa kichwani, magoti juu ya kadibodi,
nafunga matairi yenye misumari.
Nati tano kila gurudumu.
Ya tatu, nyuma kushoto, ina kiburi:
naikanyagia spana, naitukana, inakubali.

Kesho tunavuka Sennalandet,
mimi na mama, hadi hospitali ya Hammerfest,
mashine imsafishe damu,
kazi iliyoyashinda mafigo yake.
Nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Na gari hili jipya, pana, lisilo na sauti,
lililoniahidi kilomita mia nne na kumi mwezi wa Julai,
usiku huu linanong'ona: mia mbili hamsini na nane.
Silisuti. Nani asiyepungua kwenye baridi hii?

Torgeir ameegemea uzio wake,
dizeli yake ikinguruma nyuma bila mtu ndani.
"Jovnna! Hilo utalisukuma mpaka wapi?"
Nina glovu mdomoni. Bahati yake.

Napaka silikoni kwenye mipira ya milango
polepole, kama ampakaye mtoto mafuta,
maana mlango ukigandia, mama atasimama nje
akiutazama bila kulalamika, na hilo ndilo siliwezi.
Kifuniko cha chaji nacho nakipaka.
Maji ya kioo nimeyamwaga, nikatia yasiyoganda,
ya buluu, yananuka wodi.
Wipa nimezisimamisha, mikono juu
kama wezi wawili waliokamatwa.

Kwenye buti: sepetu fupi, kamba ya kuvutia,
mablanketi mawili ya sufu,
na mishumaa ya makaburini,
kwa sababu hakuna mwingine unaowaka usiku kucha.

Waya umechomekwa. Nimeliagiza gari
liamke saa kumi na moja,
likiwa bado linanyonya ukutani,
lipashe betri kwanza, kisha viti, kisha hewa.
Joto la nyumbani hulipiwa kwa senti.
La mlimani hulipiwa kwa kilomita.

Mama anatoka na ndara za ndani.
Analizunguka gari mara moja, anagusa boneti.
"Limekula?"
"Linakula."
"Baba hakumfunga kulungu mkokotenini kabla hajala.
Wala aliyevimbiwa."
"Hili halina tumbo, mama. Nalijaza lote."
Anaguna.

Anafungua buti. Anaiona mishumaa, haisemi.
Kutoka kwapani anachomoa kitita cha nyasi kavu,
zilizokatwa kinamasini Septemba, zikapondwa,
zikasukwa pete kama nywele za msichana.
"Nilikuwa na miaka tisa. Dhoruba ilitufungia siku tatu.
Kila jioni baba alituvua viatu, akabadilisha nyasi."
Anachezesha vidole ndani ya ndara.
"Vyote kumi."

Usiku naamka kabla ya gari.
Nasimama dirishani na soksi, kama mwizi kwangu.
Saa kumi na moja kamili
taa ndogo inapepesa chini, halafu mvumo mwembamba,
na kioo kinaanza kuona,
kwanza kwa chini, upana wa kiganja.

Theluji imeanguka hadi magotini,
ila langoni pamesafishwa, njia nzima hadi barabarani,
na sepetu kubwa ya Torgeir imesimama
imechomekwa rundoni, haina la kusema.

Mama ameshaketi, kofia imefunika nyusi.
Kiti kinampasha mgongo; anajifanya hajui.
Mia mbili tisini na moja, linasema gari.
Nashika viatu vyangu barazani,
naingiza mguu,
unazama mahali laini, pakavu,
panaponuka Septemba.

"Hukuniambia," nasema.
"Endesha," anasema. "Msafara hausubiri."