Ukurasa wa Kumi na Tisa

Ni mimi niliyeuchapa ule mpango.
Kurasa arobaini, jalada la buluu, nembo ya manispaa,
na katika ukurasa wa kumi na tisa, aya ya pili:
"Moshi ukizidi, wakazi wote wa kilima cha Tres Hornos
watashuka kwa miguu hadi uwanja wa shule."
Nililiandika lile *wote* bila kidole kusita.
Ni neno fupi. Halichoshi kuchapa.

Februari misonobari iliwaka siku nne nyuma ya kilima.
Moshi ukateremka mzito, kama blanketi lililoloa,
king'ora cha zimamoto kikalia,
na wenye miguu, wenye masikio, wenye mapafu
wakashuka, kama nilivyochapa.

Don Eleuterio Curihuinca hakushuka.
Mashine yake ya oksijeni ina waya wa mita nane,
na umeme ulikatika saa tisa alasiri.
Edelmira Poblete hakusikia king'ora;
hajasikia kitu tangu homa ya uti wa mgongo, akiwa na miaka sita.
Alijua kwa paka: alimkuta amejikunja ndani ya oveni.
Na kwa Wilnise na dada zake, waliotoka Haiti,
ujumbe uliingia kwenye simu
kwa Kihispania safi, koma zote mahali pake.
Wakadhani ni deni la umeme.

Hakufa mtu. Nakuambia mapema
usije ukasoma huku ukitafuta jeneza.
Nibaldo, kijana muuza mitungi ya gesi,
alimbeba mzee mgongoni,
ngazi mia moja sitini na mbili,
pumzi ya mzee ikimpiga shingoni, kavu, ya haraka.
Lakini "hakufa mtu" si mpango.
Ni bahati tuliyoivisha sare.

Aprili tukaitwa kikaoni. Kahawa, biskuti.
Mkurugenzi akasema tuongeze mstari mmoja:
"Makundi maalumu yatazingatiwa."
Nikauliza: yatazingatiwa na nani?
Saa ngapi? Na funguo za mlango anazo nani?
Akanitazama kama mtu aliyesikia kiti kikisema.

Basi nikapanda mwenyewe, na daftari.
Miaka kumi na moja nimekipangia kilima kile
kutoka dirishani.
Kitanda nilikichapa mimi; kunguni waliwajua wao.

Edelmira alininyang'anya kalamu, akaandika:
*Usiandike "kiziwi" halafu ukanyamaza.
Andika: nyumba ya kijani. Washa tochi dirishani mara tatu.
Nikiwa nimelala, piga sakafu kwa kisigino.
Mbao zangu zinasikia.*

Don Eleuterio hakutaka nikae.
"Betri," alisema. Akavuta pumzi.
"Mishumaa na sala ninayo." Akavuta tena.
"Betri."

Wilnise alinisikiliza hadi mwisho
kisha akauliza orodha hii italala wapi usiku,
na kama watu wa uhamiaji nao husoma mipango ya moto.
Nilifungua mdomo. Sikuwa na jibu la kuapia.
"Andika mlango," akasema. "Jina niachie."
Nikaandika: mlango wa bati, wa tatu baada ya bomba,
watu watano, mmoja ana mimba. Mwaambie kwa Kikrioli.

Ukurasa wa kumi na tisa sasa haupendezi.
Una mishale, una namba iliyofutwa mara mbili,
una paka.
Mkurugenzi anasema hauna hadhi ya jalada la buluu.
Neno *wote* bado lipo, juu kabisa,
ila nikilifikia sasa kidole husimama,
kama mama anayehesabu watoto garini
na hesabu haimtoshi.

Jumatatu hadi Jumamosi, Nibaldo atambeba mzee.
Ametia sahihi, kwa herufi kubwa, na kidole chenye grisi.
Jumapili huenda kwa mamaye, ng'ambo ya mto.
Jumapili bado hatujapata mtu.