Kufumua Namba Kumi

Jumatatu. Mlima umejifunika gubigubi
kama nao hautaki kuulizwa matokeo.
Katibu wa timu kaniletea jezi ndani ya mfuko wa sukari:
"Fumua namba kumi, fundi. Usiseme nimesema."
Hapa Majengo, kwenye baraza yangu,
siri hudumu muda wa kuchemsha chai.

Wa kwanza Shirima wa bucha, aproni ina damu ya jana:
"Mechi kumi na nne, pointi tisa!
Tisa! Hata mwanangu wa darasa la pili
hupata kumi na moja kwa mia."
Hamduni hakuinua macho kwenye tyubu ya baiskeli:
"Na bado mnamwita Dira.
Dira gani inaelekeza mpira kwa waokota mipira?"
Wakacheka. Mimi nikatafuta wembe.

Namba hushonwa kwa dakika kumi.
Kuifumua ni asubuhi nzima,
ukitaka kitambaa kibaki na heshima yake.

Mama Aikande akatua beseni la ndizi:
"Mwaka juzi mlimbeba juu juu toka Ushirika hadi mnara wa saa,
mkanikanyagia maparachichi, hakuna aliyelipa.
Leo miguu ileile imeoza?"
"Miguu ni ileile, mama.
Waliokuwa wakizikimbilia pasi zake ndio wameuzwa.
Beki wa kushoto kauzwa, mshambuliaji kauzwa,
hata kipa wa akiba kaenda kulinda duka la mjomba wake Himo.
Apige pasi nzuri kwa nani? Kwa nyasi?"
Huyo ni Kileo, mwalimu wa jiografia,
saa hiyo alipaswa kuwa darasani.
"Basi apige pasi mbaya kwa watu!" akafoka Shirima,
na hoja ikazidi kunoga kadiri ilivyopungua maana.

Penalti ya Jumamosi ikapigwa upya mara tano:
kifuniko cha soda kikawa mpira,
ndala za Hamduni zikawa milingoti,
na kila aliyepiga pale barazani
alifunga.

Wembe ulikuwa umefika nusu ya sifuri
alipotokea mwenyewe,
kaptula ya mwanawe mkononi, imechanika makalio.
Kimya.
Shirima akatazama juu: "Mvua hii, jamani…"
Hapakuwa na mvua.
Nikaikalia jezi.

Dira akavuta kigoda.
"Endeleeni. Mimi ningemtoa tangu dakika ya thelathini.
Hakabi. Pasi anaiona leo, mguu unafika kesho."
Alisema kama mtu anayesoma bei ya sukari ukutani.

Hapo ndipo walipoamka.
"Atoke, aingie nani?" Shirima kasimama.
"Yule mtoto wa Pasua, anayekimbia
kama kuku niliyemkosea kisu?"
"Kocha hajui kupanga!"
"Uwanja una mashimo!"
"Refa ana shemeji kule Same!"
Wakamtetea mpaka koo zikakauka,
mpaka akabaki yeye peke yake
upande wa kumlaumu Dira,
na akashindwa hoja.

Nikamshonea kaptula. Hakuuliza nimekalia nini.
Akalipa mia tano, akashika njia ya reli
akichechemea, mguu wa kulia,
jambo ambalo asubuhi yote
hakuna aliyelitaja.

Adhuhuri nilimaliza. Nikaitandaza jezi juani.
Kumi ilikuwa imetoka, nyuzi zote ziko sakafuni,
lakini ilikuwa palepale,
buluu mbichi katikati ya buluu
iliyopauka kwa misimu mitatu ya jua.

Katibu aliporudi aliitazama sana.
"Weka ishirini na tatu juu yake."
"Haitoshi. Itachungulia pembeni."
Akakuna kisogo, akatazama barabara huku na huku,
akaniuliza kuirudisha ni shilingi ngapi.
Nikamtajia bei ya kufumua,
mara mbili.