Ukoko

Chayo amekwenda zamu ya usiku,
kiwandani wanakopanga matufaha kwa rangi na ukubwa,
nami ameniachia mtoto, mchele vikombe viwili
na sufuria hii ya umeme, ya presha,
inayong'aa kama kofia ya polisi wa pikipiki.

"Usiiogope," kaniambia mlangoni, akibana nywele kwa wavu.
"Imenigharimu wiki mbili za vidole vyangu."

Siiogopi. Naiheshimu tu, kwa mbali,
kama mtu anavyomheshimu mbwa wa jirani.

Kuosha mchele mpaka maji yasahau kuwa yalikuwa maziwa:
hilo nalijua. Hilo halina kitufe.
Nauchuja, nauacha ukauke kwenye chekecheke dirishani.
Nje, theluji ya Yakima inaanguka bila haja ya kufika.
Ndani, mafuta yamepata moto.
Namimina.
Mchele mkavu ukikutana na mafuta una lake la kusema,
na mama yangu, Doña Eduviges wa Zacapu,
alikuwa akiusikiliza huku kawapa wageni mgongo:
"Bado. Bado una sauti ya mvua.
Ngoja uwe na sauti ya mchanga."
Ndipo nyanya ziliposhuka, zimesagwa na kitunguu na saumu,
na jiko zima likawa jekundu mpaka kuta.

Leo nimesikia mchanga. Nimetia nyanya.
Nimetia mchuzi wa kuku, njegere, karoti,
na pilipili moja nzima, haikupasuliwa,
ambayo kazi yake ni kunukia tu, kama mjomba harusini.

Yaretzi, miaka tisa, ndiye msomaji wangu.
Mashine inasema Kiingereza, naye anakisema bila kigugumizi;
mimi nina maneno arobaini, mengi ya shambani.
"Inasema funga." Nikafunga.
"Inasema ngoja."

Hakuna cha kukoroga. Hakuna cha kuchungulia.
Nimezoea chakula kinachonihitaji.
Mikono ilizunguka jikoni ikitafuta kosa la kufanya,
ikafuta meza iliyokwisha kufutwa,
ikakatakata giligilani mpaka zikawa vumbi la kijani.

Kisha mlio. Mara tatu, mkali.
Yaretzi akapanda kigoda, akasoma, akageuka,
uso umemshuka kama aliyevunja kikombe cha mgeni.
"Baba. Inasema inaungua."

Nikaziona wiki mbili za vidole zikifuka moshi.
Nikachomoa waya. Nikaisukuma valvu kwa ncha ya mwiko,
mkono umenyooka, mwili umebaki nyuma.
Mvuke ukapiga dari kwa mbinja ya treni,
mtoto akacheka,
nami nikasema maneno ambayo hayataandikwa hapa.

Nikafunua.
Juu, wali: punje mojamoja, nyekundu,
kiini kigumu kidogo, haujambo.
Chini, mwiko uligonga kitu.
Ukakwaruza. Harufu ikapanda,
na hapo sikuwa tena Yakima;
nilikuwa na miaka sita, chini ya meza,
nikigombana na dada zangu wanne
juu ya kipande cheusi kiasi, kitamu kuliko dhambi,
ambacho mama alikikwangua mwisho, makusudi,
baada ya wakubwa kushiba.

Mashine, maskini, imefundishwa neno moja tu.
Haijui kwamba kati ya kuiva na kuungua
pana chumba kidogo,
na humo ndimo watoto hula.

"Huu ni ukoko," nikamwambia Yaretzi.
Akautazama kwa mashaka. Akauma. Akanyamaza.
Akaomba tena.

Nikaufunika wali kwa kitambaa, umalizie kuiva kwa joto lake,
jinsi ulivyokuwa ukiiva kabla ya umeme kujua njia ya nyumbani kwetu.

Chayo alirudi alfajiri, vidole baridi, vinanuka matufaha.
Hakuvua koti. Alifunua, akainama,
akagonga chini kwa ukucha, akasikiliza.
Kisha akachukua kijiko, akakwangua pale
nilipokuwa nimemwachia.

"Umeniunguzia sufuria," akasema,
mdomo umejaa.